Hodhi la Mzee Muhuri

Mtu mwenye shida hajulikani kwa uso wala kwa viatu. Hujulikana kwa namna anavyouliza bei mara mbili. Mara ya kwanza anauliza ili ajue. Mara ya pili anauliza akitumaini kwamba muuzaji amejirudi, amemwogopa Mungu, amepunguza. Jumatatu hiyo asubuhi Sabuni alikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, hanunui kitu, haulizi kitu, ameegemea makopo ya rangi kama mtu aliyezaliwa hapo, alipomsikia mzee mmoja mwenye tai akiuliza bei ya hodhi jipya la kuogea. Mzee aliuliza, akakohoa, akauliza tena kwa sauti ya chini zaidi. Masikio ya Sabuni yakasimama.

Huyu Sabuni jina lake la kuzaliwa hulitumia kwa nadra hata yeye mwenyewe, kwa sababu za kiusalama. Mtaa ulimwita Sabuni kwa kuwa kila aliyemkamata alibaki na povu mkononi. Alishawahi kuwa wakala wa bima ya mbwa, daktari wa majokofu, na katibu wa chama kisichokuwa na mwanachama mwingine. Kazi ya mikono hakuwahi kuifanya hata moja mpaka ikaisha, na wala hakuona haya. Kila ukoo una mila zake.

Ila wiki hiyo mambo hayakuwa shwari. Mkewe alikuwa dobi, na watu hawakuchoka kusema kwamba Sabuni na dobi ni ndoa iliyopangwa mbinguni. Mwanamke yule alikuwa amefua nguo za watu miaka kumi na minne, ameinamia beseni mpaka mgongo umesahau kunyooka, na alikuwa na ndoto moja tu aliyoirudia kila Jumapili: siku moja alale ndani ya maji badala ya kuyainamia. Sabuni alimwahidi hodhi tangu siku ya posa. Ahadi bado ipo, haijatumika, mpya kabisa. Mwezi uliopita, habari ya bima ya mbwa ilipomfikia mkewe akiwa anaanika nguo, hakulia wala hakugomba. Alimwambia tu mumewe kwamba siku atakaposikia tena amempiga mtu changa la macho, sanduku lake atalikuta nje ya mlango, nguo zote zimepigwa pasi na kukunjwa.

Hilo la pasi ndilo lililomkosesha usingizi. Mke anayetupa nguo zako barabarani ana hasira, na hasira hupoa. Anayezipiga pasi kwanza ameshaamua. Sabuni akaapa kwamba ameacha, akasema amepata kazi ya ofisini. Na kwa kuwa alimpenda mkewe, tena alimpenda kweli, alikusudia uongo huo uwe wa mwisho kabisa, baada ya kibarua kimoja tu cha kumpatia kitu cha kuuita mshahara.

Basi akamfuata mzee nje ya duka, akamwamkia kwa adabu zote, akajitambulisha kuwa ni Injinia wa mahodhi. Alisema wauzaji ndivyo walivyo, hodhi likipata ufa kidogo wanataka ununue jipya, ilhali ufa ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na una dawa yake. Mzee akamweleza shida yake pale pale kando ya barabara.

Mzee huyo walimwita Mzee Muhuri, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikaa nyuma ya dirisha akigonga mihuri kwenye karatasi za watu, na siku ya kustaafu aliomba muhuri mmoja badala ya saa ya ukutani. Alikuwa na nyumba ya ghorofa moja aliyotaka kuiuza. Mnunuzi angekuja Jumamosi saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwa nzuri, isipokuwa hodhi la juu, la faibaglasi, lililokuwa na ufa chini wenye urefu wa mkono, na lilikaa juu ya sebule sawasawa. Ukilikanyaga linabonyea na kulia. Sabuni akaanza kueleza jinsi atakavyolitibu lidumu miaka ishirini, mzee akamkatiza.

"Mimi sihitaji lipone, kijana. Nahitaji lisikohoe Jumamosi."

Sabuni nusura amkumbatie. Kumtapeli mtu mwema ni kazi ngumu, roho inakusuta na polisi wanakutafuta. Lakini mtu anayetaka kumtapeli mwenzake, ukimtapeli huyo, atakwenda kukushtaki wapi? Wakakubaliana nusu ya malipo mwanzo, nusu baada ya mnunuzi kutia saini. Mpango wa Sabuni ulikuwa rahisi na wa kale: achukue nusu ya kwanza, aage kwamba anakwenda kuleta vifaa, na aendelee kwenda.

Ndipo alipogundua kwamba mzee naye hakuzaliwa jana. Muhuri alimshika mkono, akamrudisha dukani, akanunua vifaa mwenyewe, kwa ile nusu ya kwanza: kopo la gundi ya faiba, kichupa cha hadina ya kuigandishia gundi hiyo, kitambaa cha nyuzi za kioo, msasa, na rangi nyeupe. Muuzaji akaanza kueleza kwamba hadina ni ya matone, si ya vijiko, na kwamba ni vizuri kuvaa glavu na kuziba pua. Sabuni akatikisa kichwa kwa subira, kama mtu anayefundishwa jina la mama yake. Injinia haulizi maswali mbele ya mteja. Ndani ya kopo kulikuwa na karatasi ya maelekezo yenye picha sita. Akaikunja, akaitia mfukoni aisome baadaye. Baadaye ndipo mahali ambapo Sabuni aliweka mambo yake mengi.

Jumanne mzee aliweka kigoda mlangoni mwa bafu, akakaa, magoti yakigusana, akisubiri kuona taaluma. Sabuni hakuwa na njia ila kufanya kazi. Alipiga msasa ule ufa na pande zake zote, vumbi jeupe likajaa chumba, likamwingia kwenye kola, kwenye mikono ya shati, kwenye masikio. Likashuka mpaka kwenye ngazi. Baada ya saa moja alianza kujikuna. Vumbi la nyuzi za kioo halionekani likikuchoma. Unajikuta tu unataka kuivua ngozi yako na kuikung'uta dirishani.

Halafu akachanganya gundi. Akamimina kwenye kikombe cha plastiki cha mzee na, kwa kuwa hakuwa mchoyo wa mali ya mtu, akatia vijiko vitatu vya hadina. Kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa shwari. Kisha kikombe kikapata joto. Kikatoa moshi. Sabuni alipojaribu kuchomoa brashi, kikombe kizima kikaja nayo, gundi imekuwa jiwe na brashi imesimama katikati. Mzee Muhuri akauliza, kwa sauti isiyo na lawama, kama hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Sabuni alimwambia hiyo ni sampuli. Kwamba wajinga wengi huanza kazi bila kuchukua sampuli, na ndiyo maana nchi haziendelei. Mzee akakubali. Alikuwa amefanya kazi serikalini.

Usiku ule mkewe alimwona akijikuna mgongo kwa mwiko, akamuuliza kulikoni. Alisema ofisi mpya ina zulia la manyoya. Mkewe akasema pole, akalichukua shati lake kwenda kulifua.

Jumatano, kabla ya kuanza, Sabuni aliomba ruhusa ya kwenda chooni na huko akaifungua ile karatasi. Picha ya kwanza ilionyesha mtu akitoboa vitundu vidogo kwenye ncha za ufa usiendelee kutambaa. Picha ya pili ilionyesha nafasi tupu chini ya hodhi ikijazwa, ili hodhi lisibonyee tena likapasuka upya. Picha hizo mbili zilikuwa na kazi nyingi, Sabuni akazihesabu kuwa ni mapambo. Ya tatu ilionyesha matone yakidondoka. Hapo akakumbuka moshi, akaogopa. Na mtu aliyeungua na uji hupuliza hata maji ya kunywa: badala ya vijiko vitatu, safari hii aliweka matone mawili. Akatandika kitambaa, akapaka gundi, akatandika tena. Ikapendeza machoni. Mzee akashusha pumzi.

Alhamisi asubuhi gundi ilikuwa haijaganda. Ukiigusa inakushika kidole kama mtoto asiyetaka kuachwa shuleni. Sabuni akapaka rangi juu yake, akidhani rangi itaitia adabu, na mchana rangi nayo ikawa inashika. Mwanagenzi mwingine angekwangua yote na kuanza upya. Sabuni alitoka mbio dukani, akarudi na kopo la poda ya watoto, akalinyunyizia hodhi lote na kulipangusa taratibu kwa kitambaa. Likawa laini, kavu, linang'aa, na linanukia kama kichanga aliyeogeshwa. Mzee Muhuri alipitisha kiganja chake pale penye ufa wa zamani, machozi yakamlengalenga.

Ijumaa mzee akaleta karatasi. Aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa ofisini, na aliiita Hati ya Dhamana. Ilisema kwamba hodhi hili likivuja, fundi aliyetajwa hapa chini atalitengeneza kwa mikono yake bila malipo, kwa yeyote atakayekuwa mwenye nyumba, kila litakapovuja, mpaka mwenye nyumba aseme basi. Lengo la mzee lilikuwa wazi: mnunuzi akija kulalamika, aonyeshwe karatasi na aambiwe akamtafute fundi. Sabuni akaona mzee huyu ni mwenzake kabisa. Akatia saini kwa mbwembwe, jina alilolibuni pale pale. Mzee akamsogezea kidau cha wino.

"Na dole gumba," alisema. "Nimegonga mihuri miaka thelathini na moja, kijana. Majina huongopa. Kidole hakijajifunza."

Sabuni akacheka, akabonyeza dole. Nani angemtafuta mjini kwa dole? Mzee akagonga muhuri wake juu, kwa nguvu, macho yamefumbwa.

Jumamosi saa tatu na nusu Injinia alikuwa bafuni, amevaa koti jeupe juu ya suruali yake ya kahawia ya ofisini, iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata karatasi. Kazi yake ilikuwa kusimama hapo na kumjaza mnunuzi imani. Akasikia mlango wa chini ukifunguliwa, mzee akikaribisha, nyayo zikipanda ngazi. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, bila haraka, kwamba ngazi hizi zina vumbi la ajabu.

Sauti hiyo Sabuni alikuwa ameisikia miaka kumi na minne, ikimwita kula. Kwanza alidhani mkewe amekuja kuchukua nguo za kufua. Halafu akamsikia mzee akisema, "Hapa, mama, ndipo utakapolala ukishanunua," akaelewa. Kumbe yale mashuka ya watu, zile foronya na mashati, senti kwa senti, vimekuwa vikienda mahali ambapo mkono wake hauwezi kufika. Na sasa mgongo ule wa mkewe, mgongo wote wa miaka kumi na minne, unakuja kununua poda ya watoto aliyoipaka yeye. Aliona haya. Hakuwa ameizoea hali hiyo, mwanzoni alidhani ni tumbo.

Lakini haya ni haya na hofu ni hofu. Sanduku lililopigwa pasi lilimjia mbele ya macho. Bafu lilikuwa na mlango mmoja, na nyayo zilikuwa zinaujia. Sabuni akaruka ndani ya hodhi, akalala chali, akavuta pazia.

Poda ilistahimili kadiri ilivyoweza. Kisha uzito wa mtu mzima ukaipasua rangi, gundi ikapanda, na Sabuni akasikia suruali yake ikikaribishwa. Alijaribu kuinua kiuno. Kiuno kilikubali, suruali ilikataa.

Walipoingia, Mzee Muhuri alikuwa akisifu hodhi, akimtafuta Injinia kwa macho. Mnunuzi akasema angependa kuliona. Mzee akavuta pazia kwa madaha, kama mtu anayezindua sanamu, na hapo alikuwa amelala Sabuni, koti jeupe, mikono kifuani, macho darini.

"Fundi wetu," alisema mzee. "Anapima kina."

Mkewe akamtazama. Uso wake haukubadilika hata chembe. Ungedhani hajawahi kumwona mtu huyu duniani. Akamsalimu fundi, akamuuliza kama kina kinatosha. Sabuni akasema kinatosha. Akamuuliza kama ni yeye aliyelitengeneza. Akasema ni yeye. Mzee Muhuri nyuma ya mnunuzi alikuwa akimkonyeza mpaka shavu lote linacheza.

"Basi niambie, fundi," alisema mkewe. "Hela hizi nimezitoa kwenye maji ya sabuni, sina nyingine. Hodhi hili ni zima?"

Ulimi wa Sabuni ulikuwa na majibu saba tayari, yamejipanga foleni, kila moja limevaa tai. Akafumbua mdomo. Akaiona mikono ya mkewe: vidole vimekunjamana, kucha zimeliwa na magadi. Majibu yote saba yakageuka na kurudi yalikotoka.

"Si zima, mama," alisema. "Hiyo ni poda. Usilinunue."

Mzee Muhuri akatoa sauti kama hodhi lake lilivyokuwa likilia zamani. Akaanza kusema fundi ana homa, fundi anatania. Mkewe akamnyamazisha kwa kiganja. Akasema wao madobi hawaamini maneno ya mtu, si ya kweli wala ya uongo, wanaamini maji. Akamwomba mzee afungue bomba. Mzee akasita, lakini angekataaje? Akafungua.

Maji yalikuwa ya baridi. Yalimjia Sabuni kwenye soksi, yakapanda magotini, yakamfika tumboni, naye hawezi kuinuka, anatazama dari kama mtu anayeoga kwa hiari. Yalipomfika kifuani, hodhi likabonyea chini yake, likalia kilio kirefu, na kiraka kikaachia upande mmoja. Kutoka chini wakasikia maji yakidondoka kwenye makochi ya sebuleni, kwanza matone, kisha bila aibu yoyote.

Mkewe alishuka na mzee. Sabuni aliwasikia wakizungumza kwa muda, maji yakishuka kidogo kidogo pembeni yake. Sauti ya mzee ilianza juu na kumalizikia chini. Nyumba iliuzwa mchana huo huo kwa robo pungufu, kwa sababu ya dari, makochi, hodhi, na aibu. Mzee alipewa sharti moja la mwisho: atoe karatasi yoyote inayohusu hodhi. Alifurahi kuitoa. Aliona ndiyo ushindi wake pekee wa siku hiyo, kumtwisha mnunuzi tapeli yule.

Mkewe akapanda tena, peke yake, na mkasi. Akamkata Sabuni kutoka kwenye suruali yake, akamvika pazia la bafu, akamwongoza mpaka nyumbani. Hapo nje ya mlango sanduku lilikuwa limekaa. Sabuni akaliona, akasimama.

"Shati lako lilinichoma mikono tangu Jumanne," alisema mkewe. "Alhamisi nikaenda kuiangalia ile nyumba kabla ya kununua, nikalikuta vumbi lile lile kwenye ngazi. Mzee akasema fundi ametoka kidogo, amekwenda kununua poda. Mume wangu, dobi anayafahamu madoa ya mumewe."

Sabuni akauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi hakumwambia. Mkewe akasema alitaka kusikia atajibu nini. Angesema hodhi ni zima, sanduku lilikuwa tayari, hata soksi zimepigwa pasi. Akaliinua akalirudisha ndani. Sabuni alishusha pumzi ya mtu aliyeponea chupuchupu, akaanza kutabasamu, na ulimi ukaanza kupata joto. Ndipo mkewe akatoa karatasi kifuani, akaikunjua, akamshika mkono na kulilaza dole gumba lake kando ya lile la wino.

"Kila litakapovuja," alisoma, "mpaka mwenye nyumba aseme basi."

Walihamia mwisho wa mwezi. Sabuni alikwangua gundi yote mbichi, na kipande cha kahawia cha suruali pamoja nayo, kikikataa mpaka dakika ya mwisho. Alitoboa vitundu kwenye ncha za ufa. Alijaza nafasi ya chini ya hodhi, picha ya pili, akiwa amelala kifudifudi siku mbili. Alivaa glavu, akaziba pua. Mkewe alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, karatasi ya maelekezo mapajani, akihesabu matone kwa sauti, na Sabuni akijaribu kuruka hata tone moja anarudishwa mwanzo. Alipiga msasa, akapaka, akasubiri, akapiga msasa tena. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake kuiona mwisho wake, na aliuangalia mwisho huo kwa mashaka, kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua.

Jioni ile mkewe akajaza maji ya moto, akaingia, akalala. Mgongo ukanyooka. Alikaa humo muda mrefu mpaka Sabuni nje ya mlango akaingiwa na wasiwasi, akauliza kama linavuja.

"Halivuji," alijibu mkewe.

"Basi?"

"Sijasema basi."

Wakati huo huo mlango wa chini ukabishwa hodi. Alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mtu mnene mwenye saa ya dhahabu, amesikia kwamba hapa kuna fundi. Hodhi lake limepasuka, hajui chochote kuhusu mambo haya, fedha si tatizo, kiasi gani? Sabuni akamtazama kuanzia viatu hadi saa. Mteja kama huyu alikuwa amemwota ujana wake wote. Ulimi ukajilamba, tarakimu nono zikaanza kujipanga.

Juu, maji yakatikisika kidogo. Mkewe akakohoa, mara moja tu.

Sabuni akataja bei ya haki. Halafu akaingia ndani kuchukua msasa, akijisikia kabisa kama mtu aliyetapeliwa.